Nduru ya Chombo Gura

Mwalimu wa Sayansi hakuwahi kuuliza "Nani?" mtu alipobisha mlango wake. Alifungua tu. Nyumba za walimu katika shule yetu zilikuwa za mbao, zimeshikana kwa safu moja nyuma ya jiko, na kuta zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Kwa hiyo ninayosema nayajua. Mtu akibisha kwake nilisikia kiti kikiburutwa, kisha viatu, kisha komeo. Mimi nikibishiwa, ningetaka kwanza kujua jina lako, kwenu, na shida yako kabla sijaanza hata kutafuta viatu.

Tulimcheka kwa hilo. Mwalimu mkuu alimwonya kwamba siku moja atamfungulia mwizi, na kweli akamfungulia. Alikuja mchana mtu aliyejifanya anauza mifagio, akakaribishwa ndani, akanywa chai, akaondoka na redio chini ya koti. Jioni tulikwenda kumpa pole.

"Sasa si utaanza kuuliza?" nikamwambia.

"Niulize nini? Angeniambia ati yeye ni mwizi?"

Kilichonishangaza ni kwamba mwanamke huyohuyo, aliyeipoteza redio bila kununa, aliweza kumfuata mwanafunzi mpaka langoni kwa sababu ya kipande cha chaki. Vipande vilivyobaki alivitia mfukoni mwa sweta yake ya kijani, na mwisho wa muhula alivirudisha ofisini akiwa amevifunga kwa kitambaa. Ubahili wake ulikuwa wa kila kitu isipokuwa mlango.

Shule ilikuwa ya harambee, juu ya mgongo wa kilima nje kidogo ya mji wa Nyeri. Wazazi walichanga, wakaijenga, na hata baada ya miaka mingi waliingia humo kama mtu anayeingia shambani kwake kuangalia kahawa. Asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, tuliuona Mlima wote kutoka kiwanjani. Mimi nilitoka Naro Moru kuja kufundisha Kiswahili, lugha ambayo wanafunzi wangu waliamini ni ya polisi na wauza nguo. Yeye alikuwa pale kabla yangu. Alikuwa amenizidi umri wa kutosha kuniita kijana, ingawa mbele ya wanafunzi aliniita Mwalimu. Wanafunzi nao walimwita Rubani, lakini akiwa mbali.

Jina hilo lilitokana na mchezo wake wa kuigiza. Mwaka watu walipotua mwezini tulikaa katika chumba cha walimu tukiizunguka redio ya Mwalimu wa Sayansi, ileile iliyokuja kuibwa baadaye. Mzee mmoja wa kamati ya shule alikuwa amekuja kuangalia paa, akasimama mlangoni kusikiliza.

"Huko wamepata maji?" akauliza.

"Hakuna, mzee."

"Basi watarudi."

Walipokuwa wamerudi, mzee alitukumbusha kila kikao cha kamati kwamba yeye alisema. Sisi tulicheka. Mwalimu wa Sayansi hakucheka. Alikuwa ameinamia kikombe chake, akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria siku ile: "Na wakipotea, wataita aje?"

Muhula uliofuata akaanza mchezo. Ulihusu vyombo viwili vya angani, Gura na Sagana, alivyovipa majina ya mito yetu. Chombo Gura kimeshika moto na kuharibika mbali sana na dunia. Chombo Sagana kinapita karibu na kusikia mwito wake. Basi, hicho ndicho kisa chote. Kila mwaka, kwa miaka mingi, wanafunzi wapya walijifunza maneno yaleyale, wakavaa mifuko ya mbolea iliyopakwa rangi ya fedha, na kusimama mbele ya mlango wa kadibodi uliochorwa misumari.

Moyo wa mchezo ulikuwa masanduku mawili. La kwanza aliliita Jina. Lilikuwa gamba la redio iliyokufa, lenye taa ndogo ya kijani. "Hili halisemi mpaka liulizwe," alieleza darasani, akiligonga kwa kidole. "Chombo kingine kikituma wimbi la kuuliza, hili linajibu peke yake: mimi ni Gura, nimetoka mahali fulani, niko na watu kadhaa. Kapteni hata akiwa amelala, sanduku linajibu."

La pili lilikuwa Nduru, na kama huko kwenu mtu akiwa hatarini anapiga kamsa au ukemi, kwetu anapiga nduru, na kila anayesikia huacha jembe na kukimbia. Lilikuwa mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, wenye balbu ya tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu ya peremende. Lilikuwa na betri zake lenyewe, ambazo haziunganishwi na za chombo, na kwa jambo hilo alikuwa mkali sana. Chombo kinaweza kuungua, hewa ikaisha, watu wote wakalala wasiamke, na Nduru ikaendelea kuita mpaka betri zake ziishe. "Jina hungoja kuulizwa," alisema. "Nduru haingoji mtu. Lakini Nduru haijui kusema ni nani. Msiyachanganye."

Katika mchezo moto umeshaliunguza sanduku la Jina. Gura inaweza kulia tu. Kapteni wa Sagana anasikia Nduru, anatuma swali, hajibiwi. Anauliza tena. Mabaharia wake wanagawanyika, wengine wakisema fungua, wengine wakisema ni maadui wanaotumia mwito wa watu waliokufa. Gura inaelea mpaka kujibana ubavuni mwa Sagana, Nduru inasikika nyuma ya mlango kabisa, kapteni anaweka mkono kwenye kitasa, na pazia linafungwa.

Mlango haukufunguliwa mwaka wowote. Tulipoupeleka mchezo kwenye mashindano mjini, waamuzi waliandika kila mara kwamba hauna mwisho, na kila mara tulirudi mikono mitupu. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa na kabati la kuwekea vikombe vya ushindi na hakuwa na kikombe, alimfuata mpaka maabara.

"Mwalimu, kwani hiyo mlango itafunguliwa lini? Malizia hiyo kitu! Wafungue, ama wakatae, twende nyumbani!"

"Ikimalizika nitakwambia."

Jambo lingine lililowasumbua waamuzi ni sauti ya Nduru. Mtu angetegemea kengele au king'ora. Yeye alikuwa ameuzungushia ule mkebe fito nyembamba zilizosukwa kama ukuta wa kikapu, na akiwa amejificha nyuma ya mlango wa kadibodi alizikwaruza kwa kijiti, kwenda na kurudi. Krrr, kimya kidogo, krrr. Kazi hiyo hakumwachia mwanafunzi hata mmoja. Nilimwuliza chombo gani cha angani kinacholia kama mtu anayekuna ukuta. Akanijibu kwamba mimi nifundishe ngeli zangu. Lakini ile sauti ilikuwa na kitu. Ukumbi uliojaa wanafunzi wenye njaa, wanaokanyagana na kutupiana maganda ya machungwa, ulinyamaza ukiisikia. Nilisimama nyuma kila mwaka nikijiambia kwamba ni mkebe tu, na kila mwaka nywele zilinisimama.

Kuita majina kwake kulikuwa kioja kingine. Hakusoma majina. Aliketi, akafumba macho, na kila mwanafunzi akasimama kwa zamu kusema jina lake na la baba yake. Wahuni walijaribu kumsemea rafiki aliyetoroka kwenda kuiba miwa.

"Njoroge, keti chini," alisema bila kufumbua macho. "Kamau ako na sauti yake, na si hiyo."

Hakukosea hata mara moja. Alijua sauti ya mtu kupitia ukuta, kupitia mvua, kupitia mafua. Alinijua mimi kwa kikohozi. Mzazi akipiga kelele nje ya ofisi, alisema ni nani kabla hatujachungulia. Nilidhani ni kipawa cha kuzaliwa nacho, kama watu wengine walivyo na sikio la nyimbo, ingawa kanisani aliimba vibaya hadi mzee wa kwaya akamwomba awe anashika vitabu.

Na nduru halisi ikipigwa, hapo ndipo ulipomwona. Siku moja alikuwa akisimamia mtihani. Sauti ya mwanamke ikapanda kutoka bondeni, ng'ambo ya mashamba ya kahawa. Mwalimu wa Sayansi akaweka saa yake mezani, akatoka, na tukamwona akikata mteremko na viatu vyake vya kazi, sweta ikipepea. Mimi nikabaki na mtihani. Kumbe ng'ombe alikuwa amezama kwenye mtaro. Wanaume waliofika baadaye walimkuta ndani ya tope mpaka kiunoni, amemshika ng'ombe shingo asije akalalia pua, akimwambia maneno ya upole. Alirudi darasani akiwa ametapakaa tope, akaomba saa yake.

"Mwalimu," mkuu akasema, sasa akiwa karibu kulia, "hakuna watu wengine huko chini?"

"Sikuwa najua kama wako."

Kwa mtu wa namna hiyo, ungefikiri katika mchezo angemtaka kapteni afungue mara moja. Wala. Alimtetea kapteni wa Sagana kama ndugu yake. Alisema kapteni ana watu ndani, na mama zao. Alisema ni rahisi kuwa jasiri ukiwa umekaa kwenye benchi la watazamaji. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akasema kapteni ni mwoga tu, basi. Mwalimu wa Sayansi alimtoa nje. Kisha akatoka nyuma yake, na kupitia dirisha niliwaona wamesimama chini ya mti wa mgrevilea, yeye ndiye anayesema kwa sauti ya chini na mvulana ndiye anayetikisa kichwa, kana kwamba anamkubalia ombi. Sikuelewa nilichokuwa nikikiona.

Alikuwa hajaolewa, na hakupenda kuzungumzia hilo. Kwao ni Mukurweini. Wazazi walikuwa wamekufa. Watu walisema alikuwa na kaka aliyeingia msituni kupigana na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari na hakurudi, lakini katika kila nyumba ya mgongo ule kulikuwa na mtu wa namna hiyo, na sisi tuliokuwa vijana wa uhuru tulikuwa tumechoka kuambiwa tunyamaze wakubwa wanapoingia katika habari zile na kutoka humo bila kuzimaliza. Sikumwuliza. Naye, kama kwa mlango wake, hakuniuliza mimi mambo yangu.

Halafu ukaja mwaka wa Wambui. Alikuwa msichana mrefu mwenye meno makubwa, binti wa mwuza ndizi, na hakuwa mwerevu sana wa sayansi. Alipewa ukapteni kwa sababu ya sauti yake. Wakati wa mazoezi aliniuliza, kwa Kiswahili chake ambacho kilinipa maumivu ya tumbo, "Mwalimu, na kama huyo mtu wa Gura iko baridi?"

"Ni mchezo, Wambui."

"Najua ni mchezo. Lakini iko baridi."

Siku ya mashindano ukumbi wa mjini ulijaa. Mchezo ukaenda kama ulivyokwenda miaka yote. Sanduku la Jina liliulizwa, likakaa kimya. Mabaharia wakagombana. Krrr, kimya, krrr. Wambui akaja mlangoni, akaweka mkono kwenye kitasa. Mvulana wa pazia akaanza kuvuta kamba.

"Ngoja," Wambui akasema, na sikujua kama amesema kama kapteni au kama Wambui. Akaufungua mlango.

Nyuma ya mlango hapakuwa na mtu wa Gura. Hakuwahi kuandikwa. Alikuwapo Mwalimu wa Sayansi, ameketi juu ya kreti ya soda na sweta yake ya kijani, mkebe mapajani, kijiti mkononi, taa nyekundu ikimmulika kidevu. Watu wakacheka, ni nani asingecheka? Mwalimu mkuu akajifunika uso kwa ratiba. Lakini Mwalimu wa Sayansi hakusogea, wala hakujificha. Alikuwa anamtazama yule msichana mwenye mfuko wa mbolea kichwani kwa macho ambayo sitayasahau, macho ya mtu aliyebisha mahali siku nyingi. Kicheko kikaisha chenyewe.

"Ingia," Wambui akasema. "Nje ni baridi."

Akasimama. Akaupita ule mlango wa kadibodi polepole, akiinamisha kichwa ingawa hakuwa mrefu, akaketi kwenye kiti cha kapteni, akaanza kulia mbele ya watu wote. Mimi ndiye niliyeshusha pazia. Yule mvulana alikuwa amesahau kamba mkononi.

Mwaka ule pia hatukushinda.

Tulirudi katika lori la kubeba kahawa, wanafunzi wakiimba mbele, mlango wa kadibodi umesimamishwa kati yangu na Mwalimu wa Sayansi. Kesho yake, Jumamosi, alinikuta katika chumba cha walimu nikisahihisha insha, akamimina chai yake na yangu, akaketi. Alianza bila utangulizi.

Kaka yake alipokuwa akienda msituni walikubaliana kuhusu ishara. Akirudi kutafuta chakula asiseme jina lake, kwa maana jina lingeweza kusikika kwa jirani, na jirani alikuwa askari wa nyumbani, wale waliolinda vijiji kwa niaba ya serikali. Asibishe mlango. Akwaruze ghala la mahindi kwa kijiti, kwenda na kurudi, pale kwenye fito. Mama wa nyumba akisikia panya wa namna hiyo, atatoka. Ishara ilifanya kazi mara kadhaa. Kisha serikali ikawahamisha watu wote na kuwaweka katika kijiji kimoja chenye mtaro na lango, nyumba zao za zamani zikachomwa, na huko kijijini watu walibanana vibanda kwa vibanda, wengine kutoka migongo mingine, hawajuani. Chakula kilipimwa. Hakuna aliyekuwa na ghala.

"Kafyu, ile amri ya kutotoka nje, ilikuwa imepigwa hata kabla giza halijaingia," alisema. "Mama alikuwa mgonjwa. Mimi ndiye nilikuwa karibu na mlango. Mlango ukabishwa. Pole pole, kwa vidole. Nikauliza, nani? Mtu akasema, fungua tu. Nikauliza tena. Akasema, fungua tu, tafadhali. Askari walikuwa wanatuma watu, unajua. Watu wa kujifanya wametoka msituni, ukiwafungulia asubuhi mmeshikwa nyote. Sasa nikafikiria, kama ni yeye, anajua ishara. Nikamwambia kwa hiyo tundu ya mlango, kama ni wewe, kwaruza ghala."

Chai ilikuwa imeanza kufanya utando.

"Akakaa kimya. Nikamsikia anapumua. Halafu akaenda, akiburuta mguu mmoja. Ndiyo nikakumbuka ghala ilichomwa. Nilimwambia akwaruze kitu haiko! Nikafungua mlango, nje hakuna mtu, ni ukungu tu."

"Ilikuwa sauti yake?" nikauliza. "Wewe hukosei sauti."

"Wakati huo nilikuwa sijajifunza," akasema.

Nilimwambia alikuwa msichana tu. Nilimwambia kila mtu angefanya vile. Nilimwambia yale yote ambayo yeye alikuwa ameyasema kwa miaka akimtetea kapteni wa Sagana, na nilipokuwa nikiyasema nikaona kwamba ameyasikia yote, tena kwa maneno mazuri kuliko yangu. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja: aliyesimama pale nje alikuwa kaka yake, au hakuwa? Kama hakuwa, angeweza kulala. Hivyo ndivyo alivyosema, kwa maneno hayohayo, kwamba angeweza kulala. Nami kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kwa miaka ile yote ameketi nyuma ya mlango wa kadibodi akikwaruza ishara ambayo yeye mwenyewe alingoja kuisikia.

Mchezo haukuchezwa tena. Mwalimu wa muziki akaanzisha ngoma, tukapata kikombe, mkuu akalifungua kabati lake kwa sherehe. Mimi nikahamishwa upande wa Kirinyaga, nikaoa, nikazeeka kiasi. Nilisikia kwamba amestaafu na kurudi kwao Mukurweini. Nilikusudia kwenda kumwona, na unajua jinsi watu wanavyokusudia.

Nilikwenda msimu wa mvua ndefu. Niliuliza njia kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, nikaelekezwa nyumba ya mabati kati ya migomba. Lango la fito lilikuwa wazi. Nilibisha, na kabla sijatoa mkono nikasikia kiti kikiburutwa, kisha viatu. Alifungua. Macho yake yalikuwa yamefanya weupe, na sweta ilikuwa nyingine, lakini ya kijani.

"Ingia, baba," akasema. "Umenyeshewa."

Nilifungua mdomo kusema jina langu, na nikaona ameshanigeuzia mgongo kwenda kuchukua kikombe. Akaniweka karibu na moto, akanipa chai, akanipa viazi vitamu vya moto kwenye sahani, akaketi akitazama upande ambao mimi sikuwapo. Sikukohoa. Sikusema zaidi ya asante, tena kwa sauti ya mtu mwenye kiazi mdomoni. Sijui kwa nini niliendelea kunyamaza. Nadhani nilitaka kuona mgeni asiye na jina anapokelewaje katika nyumba ile, na nilikuwa nikiona. Chini ya meza niliuona ule mkebe. Fito zilikuwa zimetolewa, na ndani mlikuwa na mahindi ya kuku.

"Iko mtu alikuja hapa," akaanza, bila kuulizwa. "Mzee. Alitoka Wang'uru na mchele kwa begi. Alikuwa msituni na kaka yangu. Baadaye aliposhikwa alipelekwa kulima kule Mwea kama mfungwa, akakaa huko tu, akaogopa kurudi. Sasa amezeeka, akataka kutua huo mzigo."

Nikaacha kutafuna.

"Ameniambia kaka yangu alikufa kwa homa, kule juu kwenye mianzi. Yeye ndiye alimzika. Ilikuwa kabla hatujahamishwa kijijini. Kabla ghala kuchomwa."

Karibu niruke kumshika mikono. Hakuwa yeye! Angeweza kulala hatimaye, hicho ndicho nilichofikiria. Lakini uso wake haukuwa uso wa mtu anayelala.

"Miaka hiyo yote nilisema alinyamaza kwa sababu ghala haiko," akasema. "Kumbe alinyamaza kwa sababu hakujua ni ghala gani. Mtu anaambiwa akwaruze ghala, na yeye ni mgeni, ana mguu mbaya, kafyu imempata nje, na lango imefungwa. Kaka yangu nimemlilia. Kanisani ameombewa. Huyu mwingine ni nani amemlilia? Hata sijui nimwitie nini."

"Labda alikuwa wa kutumwa," nikasema, kwa sauti ndogo. "Mtego."

"Wa kutumwa hasemi tafadhali."

Mvua ilipiga mabati. Aliinuka akanijazia kikombe, akikitafuta mdomo wake kwa kidole ili chai isimwagike, akaniuliza kama viazi vimetosha. Hakuniuliza kitu kingine. Hakuniuliza nimetoka wapi wala naenda wapi, na nilielewa kwamba hivyo ndivyo alivyomkaribisha kila mtu aliyebisha mlango wake, mwuza mifagio, mzee wa Mwea na mimi, na kwamba sote, mmoja baada ya mwingine, tulikuwa tumekula chakula cha mtu yule mwenye mguu mbaya.

Mvua ilipopungua nilisimama. Alinisindikiza mpaka langoni, akishika migomba kwa mkono. Pale nilishindwa kuendelea kunyamaza. Nilikuwa nimefundishwa naye, kwa kupitia ukuta wa mbao, kwamba mtu husimama na kusema jina lake na la baba yake. Nikasimama kwenye tope na kuyasema yote mawili, kwa sauti yangu kamili.

Aligeuza uso kuelekea sauti. Nilijua amenitambua, kwa maana mkono wake ulikuja moja kwa moja ukanishika begani, bila kupapasa.

"Sikukuuliza," akasema. Akarudi ndani, akaliacha lango wazi.